Tunaishi ndani ya basi: tutaandaaje karamu ya Idi?

SWALI: Assalaam alaykum, Ami. Mimi na mume wangu tuligeuza basi dogo la Rosa likawa nyumba yetu, na kwa sasa tumeliegesha kwenye shamba la rafiki yetu upande wa Mambrui, si mbali na bahari. Idi hii ndogo tunataka kuwaalika marafiki, na pamoja na watoto tutafika watu 14. Jiko letu ni la gesi, lina sehemu mbili za kupikia. Friji ni ndogo, ya betri, na tangi la maji ni la lita 80. Nia yangu ni kupika biriani. Mama mkwe anasema Idi hailiwi garini, twende kwake mjini. Mume wangu anataka tuliendeshe basi hadi ufuoni tukapike kule kule, au twende nalo Lamu walipo rafiki zetu wengine. Kila mtu ana lake. Wewe wasemaje?

JIBU: Wa alaykumu salaam, mwanangu. Nianze na mama mkwe, kwa sababu amesema kweli, ingawa hakuimaliza. Idi hailiwi garini. Watu 14 ndani ya Rosa, na kitanda kimo, kabati limo, jiko limo, watakaa wapi? Lakini shamba mnalo, na karamu ya kwetu haijapata kudai meza na viti. Yataka jamvi, masinia, maji ya kunawa na kivuli kizuri. Basi lenu siku hiyo liwe ghala, na mahali pa kulaza watoto wakisinzia. Kupika na kula kuwe nje.

Nasema hivi nikiwa mtu aliyepika kwa muda mrefu kwenye malori ya safari, yale yanayochukua watalii mbuga hadi mbuga. Jiko huteremshwa ubavuni mwa lori, meza ya kukatia ikakunjuliwa, na watu ishirini wakala kabla giza halijashika. Sijaona mpishi wa lori anayepika ndani ya lori.

Sasa siku yenyewe. Usiwaalike Idi mosi. Asubuhi ile watu wako kwenye sala, kisha wanazunguka kwa wazee, watoto wanakusanya mkono wa Idi nyumba kwa nyumba, na chakula cha mchana kila mtu ana mama au shangazi anayemngojea. Ukiwaita Idi mosi watakuja wameshiba, au watakuja saa kumi wakiomba radhi. Idi mosi nendeni kwa mama mkwe, mapema, umsaidie kazi na mle kwake. Idi pili ni yenu, na yeye awe wa kwanza kualikwa. Akishakaa juu ya jamvi lenu na sinia liko mbele yake, neno la Idi hailiwi garini hutalisikia tena.

Kuna jambo la mwezi pia. Ramadhani huisha siku ya 29 au ya 30, na tangazo la Kadhi Mkuu hutoka usiku. Zaidi ya hapo, unajua mwenyewe kwamba katika hao marafiki huenda wapo wanaofuata mwandamo wa hapa na wapo wanaofuata wa Makka, na kuna miaka hawa hufungua kabla ya wale. Kwa hiyo ukialika usiseme "Idi pili" ukaishia hapo, maana Idi pili ya mmoja yaweza kuwa Idi mosi ya mwingine. Sema wazi: siku ya pili baada ya tangazo la Kadhi, kuanzia adhuhuri. Manunuzi pia yafuate hesabu hiyo. Mchele, viungo, vitunguu na mafuta vinunue mapema. Nyama usiiguse mpaka mwezi uthibitike.

Mumeo na ufuo wake. Hapa sitazunguka: asifanye. Idi ndogo siku zote ni mwezi mwandamo, na mwezi mwandamo ni bamvua. Jua na mwezi huvuta bahari kwa pamoja, kwa hiyo maji hukupwa mbali sana na hujaa juu sana, na kilele chake mara nyingi huja siku moja au mbili baada ya mwandamo, yaani Idi pili yenyewe. Katika pwani yetu, siku za bamvua maji huwa yametoka kwenye mwendo wa saa nne asubuhi na kujaa kwenye saa kumi jioni. Sasa fikiria. Mumeo atafika asubuhi, akute mchanga mpana, umekazika, waita gari. Ataegesha. Pilau itawekwa motoni, watu watakula, watapumzika, na wakiinuka kwenda kutawadha alasiri maji yatakuwa kwenye magurudumu. Rosa iliyobeba nyumba nzima haitoki mchangani kwa kusukumwa na mashemeji; hutafutwa trekta, na Idi trekta zote zimelala. Idi kubwa huangukia siku ya kumi ya mwezi, bahari ikiwa karibu na maji mafu, kwa hiyo haina ukali huo, lakini hata siku hiyo basi zito nisingeliteremsha mchangani. Kaeni shambani. Bahari mtaifuata kwa miguu jioni.

Hapo shambani, chagueni mti kabla ya kitu chochote. Si mnazi. Najua kivuli cha mnazi kinapendeza kwenye picha, ila nazi haitoi taarifa kabla ya kuanguka, na kuti kavu nalo lina uzito wake. Tafuteni mwembe, mkwaju au mkanju. Kisha tazameni upepo. Idi hurudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka. Mwaka 2025 Idi ndogo ilikuwa mwishoni mwa Machi, na kwa miaka michache ijayo itazidi kuingia ndani ya kaskazi, jua kali na upepo wa kaskazini-mashariki unaozidi nguvu mchana. Liegesheni basi kwa ubavu, liukinge upepo huo, na watu wakae upande wa demani, yaani ule usiopigwa na upepo. Moto nao uwe upande huo huo, lakini hatua saba au nane kutoka kwenye basi, na mbali na turubai. Mkiona upepo bado wazunguka, simamisheni bati mbili nyuma ya jiko. Mchanga wa Mambrui ukiingia kwenye pilau hakuna dawa yake. Acheni na nafasi safi ya kuswalia. Kwa hapa kwetu kibla ni karibu kaskazini kabisa, kwa hiyo msala usielekezwe kwenye moshi.

Idi kubwa ni hadithi nyingine. Mwaka 2025 iliangukia mwanzoni mwa Juni, na kwa sasa bado imo ndani ya masika na upepo wa kusi. Mkiipenda karamu hii na kutaka kuirudia wakati huo, geuzeni basi upande wa pili na muwe na turubai la kuenea watu wote, si la kuenea jiko tu.

Tuje kwenye biriani. Naipenda, na harusini nitaila hata mara mbili, lakini kwa mtu anayeishi ndani ya basi nasema acha. Biriani ni sufuria ya nyama na masala yake, sufuria ya wali, na karai ya vitunguu vya kukaanga, halafu ndipo uanze kupanga. Hivyo ni vyombo vitatu vikubwa na mioto mitatu. Vitunguu vyenyewe kwa watu 14 si chini ya kilo moja na nusu, vyote vya kuzama mafutani. Ukivikaanga ndani ya basi, mvuke wa mafuta utaingia kwenye mapazia, godoro na nguo, na utalala na biriani mpaka Mfungo Pili. Ukivikaanga nje penye upepo, moto haukai sawa: nusu vitaungua, nusu vitalowa mafuta. Na masala yana maziwa lala, ambayo joto la Machi haliyahurumii.

Pilau ni sufuria moja, na hainung'uniki ikipikwa kwa kuni. Kwa watu wenu, watoto wakiwamo, kilo 2 za mchele zatosha, na nyama ya mbuzi yenye mifupa kilo 2 na nusu. Viazi kilo moja na nusu, kwa sababu watoto hula viazi na kuacha vingine. Sufuria iwe ya lita 12 au zaidi. Msiinunue. Sufuria kubwa ndani ya basi ni adui: haina pa kukaa mwaka mzima. Azimeni. Kila mtaa wa Malindi una mama mwenye sufuria za shughuli, na hata mama mkwe wako nina hakika anazo mbili.

Usiku wa kuamkia karamu chemsha nyama kwa thomu, tangawizi na chumvi mpaka ikaribie kuiva. Iweke sufuria yake ndani ya karai la maji na barafu ipoe haraka, kisha nyama na supu yake viingie kwenye kasha la barafu. Asubuhi osha mchele, uroweke nusu saa. Vitunguu vikaange kwenye sufuria ile ile hadi viwe kahawia iliyokolea bila kuungua, maana rangi ya pilau yatoka hapo. Anayetia rangi ya pakiti amekosa subira. Fuatisha thomu na tangawizi, kisha uzile, pilipili manga, iliki, mdalasini na karafuu chache. Wapo wanaotia nyanya. Mimi sitii, na sitagombana na anayetia. Viazi, nyama, halafu supu: kwa kila kikombe cha mchele, kikombe kimoja na nusu cha supu, ukijazia maji kama haikutosha. Lazima ichemke tena vizuri kabla mchele haujaingia. Maji yakikaribia kukauka, vuta kuni, bakisha makaa, funika, na upalie makaa mengine juu ya mfuniko. Dakika 20 au 25 usifunue, hata akuombe nani.

Kwa moto wenyewe, mko shambani kwenye minazi, mna hazina. Makumbi yaliyokauka huwasha moto haraka, na vifuu hutoa makaa ya ukali wa kutosha kupalia. Mkaa wa gunia uwepo wa akiba. Mawe matatu mazito yanabeba sufuria ya lita 12 salama kuliko jiko lolote dogo la bati.

Mbona nisikwambie utumie gesi yako? Kwa sababu jiko la basi halikuundwa kwa sufuria hiyo. Chombo kipana hufunika sehemu zote mbili za moto, joto likarudi chini kwenye vitufe na mpira, na mtu mmoja akipanda ngazi basi hutikisika, lita 12 za supu ya moto zikatikisika nalo. Gesi ya ndani iwe ya chai na kupasha uji wa mtoto.

Na maadamu tumeigusa gesi, nikae hapo kidogo, kwa sababu siku ya wageni ndiyo siku mtu husahau. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi kutoka dirishani. Hutuama sakafuni, na sakafu ya basi ndipo watoto watakapocheza. Hakikisheni sehemu inapokaa mtungi ina tundu la kutokea chini, nje ya basi, na halijazibwa na viatu au gunia la mchele. Siku moja kabla pakeni povu la sabuni kwenye mpira na maungio, mkitazama kama linatoa mapovu. Mpira ulioanza kupasuka usifungwe kwa utepe, unatupwa. Kujua gesi iliyobaki pimeni mtungi: uzito wake mtupu umeandikwa juu yake, tofauti ndiyo gesi. Mtungi wa kilo 6 kwa sehemu moja ya kawaida ya moto hufanya kazi saa nyingi sana, kwa hiyo chai ya wageni haitaumaliza kama haukuwa umeisha. Ukishamaliza kupika, funga pale pale kwenye mtungi, usitosheke na kitufe cha jiko.

La pili sitalisema kwa upole. Jiko la makaa lisiingie ndani ya basi kwa sababu yoyote. Si mvua ikinyesha, si kwa udi, si kwa sababu makaa yanaonekana yamezimika. Makaa hutoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, na nafasi ndogo kama ya basi hujaa upesi. Mtu huhisi usingizi tu, na hapo ndipo watoto waliolazwa wako. Mvua ikija, watu waingie ndani, makaa yabaki nje yalowe. Chetezo cha udi kiwashwe nje, kipitishwe kwa wageni huko huko. Na kizima moto kiwekwe mlangoni, kisiwe nyuma ya kitanda.

Friji yako isahau siku hiyo. Friji ya betri imefanywa kushika ubaridi wa vitu vilivyokwisha kupoa, si kupoza kreti ya soda huku watoto wakiifungua kila dakika mbili. Betri ya kawaida ya asidi, hata kama imeandikwa 100Ah, nusu yake tu ndiyo ya kutumia bila kuiharibu, na friji ikizunguka mfululizo kwenye joto itaifikia nusu hiyo kabla ya magharibi, na usiku hamna taa wala feni. Barafu hapo Malindi haikosekani. Waulizeni wauza samaki wanakoipata. Muwe na makasha mawili, na hili ni muhimu kuliko linavyosikika. Moja la nyama, wewe peke yako ndiye unayelifungua. Jingine la vinywaji, lifunguliwe na kila mwenye mkono. Mkichanganya, nyama italipia soda. Tena soda za nini nyingi hivyo? Shamba lina madafu, na dafu halihitaji friji. Mwambieni mwenye shamba, mlipeni mkwezi wake, ayaangushe asubuhi na kuyaweka kivulini.

Usijaribu kupika kila kitu wewe. Mtu mwenye nyumba ya mawe na jokofu kubwa hupika kila kitu kwa sababu anaweza. Wewe gawa kazi, na gawa kwa kutazama nani ana nini. Mwenye tanuri alete mkate wa sinia. Mwenye jokofu alete sharubati ya ukwaju, ikiwa imeganda nusu, itayeyuka njiani na kufika baridi. Anayekaa karibu alete kaimati au mahamri ambayo hayajali safari. Usimwagize mtu yeyote kitu chenye tui kitakachokaa garini saa nzima. Mbaazi za nazi zilizopikwa alfajiri, kufika adhuhuri ya Machi zimeshachacha. Kachumbari ikatwe papo hapo, dakika za mwisho, ndimu na pilipili pembeni kwa ajili ya watoto. Achari ya embe na ndizi mbivu, basi. Wala usione haya kuomba. Sahani za Idi huzunguka mtaani tangu zamani, na zako zikirudi kwao na pilau ndani, hakuna aliyekuletea kitu bure.

Kuhusu kula, fanyeni kwa sinia, watu wanne au watano. Masinia matatu yanatosha: la wanaume, la wanawake, la watoto. Utaniambia siku hizi watu wamezoea sahani moja moja. Sawa, ila hesabu maji. Sahani 14, vijiko 14 na bakuli za kachumbari, zenye mafuta ya pilau, ni lita nyingi za kuosha. Masinia matatu na mikono ni kidogo sana. Kwa mtu mwenye tangi la lita 80 hii ni hesabu kabla haijawa mila. Funika kila sinia kwa kawa mpaka watu wakae, maana nzi wa msimu wa maembe hawangoji bismillahi.

Maji yenyewe: kunawa kabla na baada ya kula, nusu lita kwa mtu kila mara, ni lita 14. Udhu wa adhuhuri na alasiri, hata kwa watu wanaojua kubana, hesabu lita 20 na kitu. Mapishi na kuosha mchele, 15. Kuosha vyombo, 25. Tangi lote limekwisha, na bado hujanywa chai wala kulala. Kwa hiyo tangi la basi msiliguse. Nunueni mitungi minne ya lita 20, mmoja uwe na koki uwekwe juu ya kigoda kwa udhu, na maji ya kunywa yawe mbali kabisa na hayo. Kwa kunawa, mpe mtoto mkubwa birika na bakuli azunguke. Watoto hupenda kazi hiyo, na mtoto akimmiminia mtu mikononi, maji hayamwagiki ovyo kama kwenye koki.

Choo hukukiuliza, nami nakijibu. Kasha la choo cha basi ni la lita 20 hivi, limetengenezwa kwa watu wawili na siku chache. Watu 14 mchana kutwa watalijaza, na hakuna kazi mbaya kama kulimwaga wageni wakiwapo. Zungumzeni na mwenye shamba mapema mtumie choo chake, wekeni ndoo, kata na sabuni, na waonyesheni wageni wanapofika tu. Mtu akishajua choo kiko wapi hutulia.

Kilichobaki sufuriani kisikae hapo hadi magharibi. Wali uliopikwa ukiachwa kwenye joto, vijidudu ambavyo moto haukuviua huzaana na kutoa sumu ambayo kupasha tena hakuiondoi. Saa mbili ndizo mwisho, na jua likipita nyuzi 32 ni saa moja tu. Watu wakishaacha kula, gawa: mabakuli ya wageni, sahani ya mwenye shamba, sahani ya mkwezi. Usiku usijipikie, utapata kwa jirani.

Sasa Lamu. Basi halifiki Lamu, mwanangu. Magari huishia Mokowe, bara. Kisiwani ni mitaa ya miguu na punda. Mtasafiri zaidi ya kilomita 200 kupitia Garsen na Witu, na njia hiyo haipitwi usiku, wala haianzwi kabla ya kuuliza polisi hali ya usalama ya siku hiyo. Kisha mtaliacha basi Mokowe mahali penye mlinzi, mfunge gesi, mzime friji, mvuke kwa boti na masanduku. Hapo hamna tena karamu ya basi. Nyinyi ndio mtakuwa wageni wa watu, jambo ambalo si baya, ila silo ulilouliza. Kama mumeo ana hamu ya Lamu, mwende Mfungo Sita kwa Maulidi ya Riyadha, mkiwa mmepanga mahali pa kulala kisiwani tangu mapema, kwa sababu siku hizo mji hujaa. Idi hii rafiki zenu wa Lamu wakipenda watakuja wao.

Mwisho ni sufuria ya watu. Mafuta yaliyobaki usiyamimine kwenye sinki la basi, yataganda kwenye bomba. Yatie kwenye chupa. Ukoko ubandueni ungali vuguvugu, wapo watakaougombania. Halafu chukua jivu la yale makumbi, kipande cha kumbi chenye nyuzi, na maji kidogo sana, usugue ndani na nje kabla hujatia sabuni. Masizi yatatoka yote, nawe utakuwa umetumia lita tatu badala ya kumi. Irudishe kesho yake asubuhi ikiwa inang'aa, na kama ni ya mama mkwe, weka ndani yake madafu mawili.